Wanja wa Idrisa

Harufu ya kwanza kukupokea kwenye ngazi za jengo letu pale Langley Park, Marekani, ilikuwa ya bizari nzima ikipasuka kwenye mafuta ya moto, ghorofa ya kwanza, mlango wa kushoto. Ukipanda ghorofa ya pili ulikutana na maharage na mikate ya mahindi ya Wasalvador, na ukifika kwetu ghorofa ya tatu vyote vilikuwa vimechanganyika na moshi wa mabasi yaliyopita chini ya dirisha yamejaa mpaka mlangoni. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Sisi watu wa Tanga hatudanganywi pua kwenye mambo ya chakula, basi nilijua kama Anti Nalini yuko nyumbani au hayuko kabla sijafika mlangoni pake. Huo ulikuwa mwaka wa 2003. Ndio mwaka nilioanza kujifunza kemia, na ndio mwaka tulioipoteza nusu ya ndugu yangu. Nasema nusu kwa sababu Idrisa yuko hai, anakula, anacheka, anavaa viatu namba kumi na mbili. Lakini yule aliyekuwa anakuja siye aliyefika, na mimi nilimwona yule wa kwanza, nilimjua, na bado namlilia.

Mama alifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, akiwageuza vitandani na kuwaogesha, na alikuwa ameapa kwamba kazi hiyo haitamzeesha. Alitaka uuguzi. Uuguzi ulitaka kemia, somo moja tu la miezi minne katika chuo cha jirani, na Mama alikuwa ameshaanguka mara moja. Baba alikuwa bado Tanga akingoja viza ambayo kila mwaka ilikuwa njiani na haikufika. Siku moja Mama alikwenda duka la Wahindi nyuma ya jengo letu kununua binzari, kitabu cha kemia kikiwa kwapani, na mama mmoja aliyekuwa akipima dengu akamwomba akitazame. Akafungua, akasoma nusu ukurasa amesimama, kisha akamwambia kwa upole kwamba jibu la swali la tatu limekosewa, na aliyekosea si Mama, ni kitabu. Huyo ndiye Anti Nalini. Alikuwa na shahada ya uzamivu ya kemia, amefundisha chuo huko kwao India miaka kumi na tisa, na Marekani ikampa mizani ya dengu. Mama alimwita Daktari. Yeye akawa anakataa, Mama akawa haachi, mpaka akazoea.

Walisoma mezani kwa Anti Nalini, Jumatano na Jumamosi alasiri, na mimi nilikaa pembeni nikijifanya nafanya hesabu zangu. Kemia, alitufundisha, ni nyumba ya vyumba viwili. Chumba cha kwanza ni cha mawe, metali, asidi na chumvi. Humo mambo ni makavu na rangi zake ni kali. Chumba cha pili ni cha kaboni, anayeshikana mikono na kila amwonaye, na humo mmejaa mafuta, sukari, siki, dawa na damu ya mtu. Mwenyewe alikuwa mtu wa chumba cha kwanza. Alitusimulia habari za wakemia wa kwao wa kale, waliopika zebaki na risasi vyunguni wakitafuta dawa ya uzee, na za mzee mmoja wa Kalkuta, enzi za Waingereza, aliyeishi kama fakiri huku akichunguza chumvi za zebaki, akawalea wanafunzi waliowalea wanafunzi, hadi kufika kwa mwalimu wake yeye. Alilisema jambo hilo kama mtu anayekutajia ukoo wake. Mimi nilimwonea fahari utadhani ni ukoo wangu.

Kilichonivutia zaidi ni mtihani wa kwao. Mwanafunzi hupewa unga usio na jina kwenye kikaratasi, na kazi yake ni kuutaja jina. Kuonja hakuna. Anautazama rangi, anaunusa, anauchoma juu ya moto, anaumwagia asidi, anangoja aone nini kitatuama chini, hatua kwa hatua, kundi kwa kundi, na ole wake aruke hatua moja. Kosa kubwa kuliko yote, alisema, ni kudhani umeshaujua unga kwa kuutazama tu. Alilirudia hilo mara nyingi, akigonga meza kwa kidole, na mara zote Idrisa alikuwa mapajani pake, ananyonya ncha ya sari yake, anamtazama na macho yake meusi. Alikuwa mtoto wa mwaka na miezi minne na kila mtu alimsifu kwa macho hayo. Maneno alikuwa nayo kumi na manne, mimi nilikuwa nayaandika nyuma ya daftari langu. La kwanza lilikuwa *maji*. Jina langu, Zuhura, alilikata akalifanya *Hula*, na nyumba nzima ikaniita hivyo.

Sasa nieleze wanja. Bibi yangu mzaa mama, kule Tanga, alikuwa na jiwe la wanja wa manga alilorithi kwa mamaye. Alilisaga kwa subira, akauchekecha ule unga kwenye kitambaa cha melimeli mpaka ukawa laini, akautia kichupani na kumpa yeyote aliyekuwa akisafiri kuja Marekani. Mtoto wa kwetu hupakwa wanja. Hupakwa machoni, kwenye nyusi, na doa moja kwenye paji, ili macho yapate nguvu na jicho la hasidi limpite. Nilipakwa mimi, alipakwa Mama, alipakwa Bibi. Kwa kuwa Mama alitoka alfajiri kwenda kazini, kazi ya kumpaka Idrisa ilikuwa yangu kila asubuhi kabla sijampeleka kwa mama wa Kisalvador aliyemlea mchana. Nilijua kumshika kidevu, kuvuta kope kwa kidole gumba, kupitisha kijiti mara moja bila kutetemeka. Sikuwahi kumwumiza. Nilijivuna nayo kazi hiyo kuliko kitu chochote nilichokuwa nacho, na Mama aliwaambia wenzake kwa simu kwamba mkono wangu ni mwepesi kama wa mtu mzima.

Lakini siku za kliniki tulimpangusa. Kisa chenyewe ni mama mmoja wa basini, aliyeuona wanja umetapakaa kwa machozi akamwuliza Mama nani kampiga mtoto machoni. Mama alieleza, mama yule hakuelewa, akashuka kituo kimoja na sisi na kutufuata hadi karibu na mlango. Wiki nzima Mama alikuwa akitusukuma chumbani kila mlango ukigongwa, akidhani ni watu wa serikali wamekuja kuchukua watoto. Basi kuanzia siku hiyo, Idrisa akiwa na miadi, nilikaa naye bafuni na pamba na mafuta ya nazi, nikamsafisha mpaka uso ukawa mweupe kabisa. Wazungu hawaelewi, alisema Mama, na mtu asiyeelewa usimwonyeshe. Ndivyo tulivyokuwa. Tulificha kitu tusichokionea aibu, kwa ajili ya watu tuliodhani wataona vibaya, na tukakifichua mbele ya mtu mmoja tu aliyekuwa na elimu ya kukijua.

Mwezi Mei maneno ya Idrisa yakaanza kupungua. Nilidhani ananichezea. Nikimwonyesha maji alikuwa akinyoosha mkono tu, kimya, na *Hula* ikapotea siku ambayo siikumbuki, maana nani huandika siku ya mwisho ya neno? Akawa halali vizuri, analia kwa kushika tumbo, choo kigumu kama changarawe. Kliniki wakampima damu, na simu ikaja kazini kwa Mama, wamekuta risasi. Si risasi ya bunduki, Mama alinieleza usiku wa siku hiyo, ni metali, na imo kwenye damu yake, na inakula ubongo wa mtoto. Nesi wa wilaya akaja nyumbani na fomu. Alikuwa mtu mwema, alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Aliuliza kama tunatumia vyungu vya udongo, kama tunatumia dawa za kienyeji, kama mtoto anatumia vipodozi. Mama akajibu hapana, hapana, hapana, na hakuwa anasema uongo. Wanja si dawa, haukutoka kwa mganga. Wala si kipodozi, Idrisa si bibi harusi. Wanja ni wanja. Nilikuwa nimesimama pale pale na kichupa kimo kwenye mkoba wangu wa shule, na haikunijia hata chembe kwamba naulizwa mimi.

Nesi alikwangua rangi ya dirisha, na kweli, chini ya rangi nyeupe kulikuwa na rangi ya zamani yenye risasi. Basi kisa kikawa kimekwisha. Mama alimvamia msimamizi wa majengo kwa maneno ambayo Kiingereza chake hakikuwa nayo siku iliyotangulia, na mwisho wake wakatuhamishia jengo la pili, nyumba iliyokarabatiwa yenye madirisha mapya. Mama alisugua sakafu asubuhi na jioni. Kipimo cha pili kikarudi kimepanda. Alipompigia Bibi simu na kumweleza kwamba mtoto amenyamaza, hata akiitwa jina lake hageuki, Bibi hakuhangaika kufikiri. Alisema ni jicho, mtoto mzuri namna ile mmemtembeza kwenye mabasi ya watu, sasa mpakeni asubuhi na jioni. Mama akanigeukia na kuniambia, na mimi nikapaka asubuhi na jioni. Nilipaka kwa bidii. Nilipaka na kusoma Ayatul Kursi, huku yeye akijifuta macho kwa ngumi na kuzitia ngumi mdomoni.

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho kabla ya mtihani wa Mama. Anti Nalini alikuwa akimpitisha kwenye chumvi za salfa, zile zinazotambulika kwa rangi. Ya zinki nyeupe, alisema, ya kadimi manjano, ya risasi nyeusi. Mama, ambaye neno risasi lilikuwa limeshamgeukia mwiba, akainua kichwa na kuuliza ni nyeusi ya namna gani, kama masizi? Anti Nalini akamjibu kwamba masizi hayang'ai, hii inang'aa, ni jiwe zito la kijivujivu ambalo ukilisaga sana linakuwa, akatafuta mfano, akatazama huku na huku mezani, kisha akatazama chini. Idrisa alikuwa amelala kifuani pake. Nilimwona akimshika kidevu kwa vidole viwili na kumwinua uso kidogo kuelekea dirishani.

"Anapakwa nini huyu mtoto?"

"Wanja tu, Daktari," akasema Mama.

"Wa dukani?"

"Wa jiwe. Mama yangu anausaga mwenyewe."

Nikasema ninao mimi. Nikakimbia kuuleta kutoka kwenye mkoba, nimefurahi kwamba leo na mimi nina kitu cha kuchangia kwenye somo. Anti Nalini aliupokea, akaumwaga kidogo kwenye kikaratasi, na hakukubali kuutaja jina. Alishika utaratibu wa kwao. Alikwenda dukani kwao akarudi na chupa ya asidi ya kusafishia vigae, akanituma niende na Idrisa barazani nifunge mlango wa kioo, nami nikatazama kupitia kiooni. Akafungua madirisha yote. Aliuchemsha ule unga na asidi kwenye chupa ya kahawa, na hata nje kwetu harufu ikatufikia, ya yai viza, na Mama akaziba pua kwa khanga. Akachujia kwenye glasi kwa karatasi ya kahawa. Akatoa kwenye kabati pakiti ya vidonge vya iodidi, vile ambavyo watu wengi wa mji huu walivinunua baada ya mashambulizi ya ile Septemba ya 2001, wakiogopa bomu la nyuklia, akasaga kimoja na kukikoroga kwenye maji. Risasi ikikutana na iodidi, alimwambia Mama, hugeuka manjano. Akadondosha matone matatu kwenye glasi. Pale pale kukawa na manjano, manjano ya kupendeza, yakashuka polepole chini ya glasi yakimeta kama dhahabu. Sijaona tena rangi nzuri kama ile. Mama alikaa chini sakafuni.

Nilifungua mlango bila ruhusa. Nilitaka kujua kama tumefaulu. Anti Nalini alikuwa amesimama na mikono yake miwili juu ya meza, anazungumza na ile glasi, si na sisi. "Nimempakata miezi mitano," alisema. "Nimempakata nikifundisha risasi." Kisha akasema kwamba kwao nao wanaupaka, wanauita surma, mama yake alimpaka mpaka siku ya harusi, na alipomwona Idrisa mara ya kwanza hakuona unga wowote, aliona mtoto wa nyumbani. Wahenga walisema mazoea yana taabu, nami nimewasamehe wahenga mengi, lakini hilo walilisema kwa sauti ndogo mno. Mama hakumlaumu. Hakunilaumu na mimi. Alinivuta, akanikumbatia, akaniambia hukujua. Lakini toka siku ile hakunikabidhi tena kumwogesha Idrisa, wala kumlisha, wala kumvalisha.

Jumatatu Mama hakwenda kwenye mtihani. Alikwenda kwa nesi, na Anti Nalini alikwenda naye, amevaa sari ya hariri kama mtu anayekwenda kutoa ushahidi, na yeye ndiye aliyesimulia. Watoto hawakuchukuliwa. Idrisa alilazwa, akaanzishiwa dawa ya vidonge vidogo vya unga uliochanganywa na tunda lililopondwa, na dawa ile ilinuka. Ilinuka mayai viza. Anti Nalini alinichorea umbo lake nyuma ya risiti, tukiwa tumekaa kwenye viti vya wodi. Hii inatoka chumba cha pili, alisema. Mnyororo mdogo wa kaboni wenye mikono miwili ya salfa. Risasi inaipenda salfa kuliko kitu kingine, ndiyo maana huko ardhini tunaikuta imeishika, ndiyo maana imo kwenye wanja, na ndiyo maana sasa itaiacha damu ya Idrisa, ishikwe na mikono hii na kutolewa kwa mkojo. Nikamwuliza, ikitoka yote, maneno yatarudi? Alikuwa mwalimu, hakuzoea kudanganya mwanafunzi. Alisema dawa inaondoa kilichoingia, haijengi kilichobomoka. Nikaichukua ile risiti nikaikunja, na nikamchukia kwa muda wa wiki nzima, kwa sababu alikuwa wa kwanza kuniambia kweli.

Mwisho wa mwaka Anti Nalini alihamia kwa mwanawe jimbo lingine. Mama hakurudi tena kwenye kemia, na kazi aliyoapa haitamzeesha imemzeesha. Na Bibi hatukumwambia. Kila aliposikia sauti yetu kwenye simu aliuliza, mwampaka wanja mjukuu wangu? Mama akajibu twampaka, Mama, huku ameng'ang'ania ukingo wa meza. Tulimwambia ni rangi ya nyumba za Marekani, na Bibi alikufa akizilaani kuta za nchi hii kwa majina yao yote. Wanasema majuto ni mjukuu. Bibi yangu alikuwa na mjukuu, majuto tukamnyima, na hadi leo sijui kama tulimhurumia au tulimwibia.

Siku hizi fomu za kliniki zinauliza wanja waziwazi, kwa jina lake la Kihindi, la Kiarabu, la kila mtu. Niliona moja nilipompeleka binti yangu mwaka juzi, nikaweka alama ya hapana, nikakaa na ile kalamu mkononi mpaka waliponiita mara ya pili. Binti yangu ana miaka mitatu na maneno yake hayahesabiki, ananichosha, na wakati mwingine namwambia anyamaze kisha najiuma mdomo. Idrisa ana ndevu sasa. Anaishi na Mama huko Temple Hills na anakusanya vigari vya wanunuzi kwenye maegesho ya duka kubwa, kazi anayoipenda na kuiwahi. Anazungumza sentensi fupi za Kiingereza, moja moja, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Kusoma kulimshinda. Akiulizwa kilichompata, husema rangi ya ukuta, kwa sababu ndivyo tulivyomwambia naye. Nilipohamia Annandale mwaka jana alikuja kunisaidia kubeba makochi, akakuta sebule imepakwa rangi upya. Aligoma kuegemea. Kisha akanishika bega kwa mkono wake mpana, akanisogeza taratibu mpaka katikati ya chumba, mbali na kuta, na kuniambia nijihadhari, zinaumiza watu.

Nilimwambia Mama siwezi tena kumficha Idrisa. Mama akanijibu yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Mama, hii ndiyo ndwele yenyewe, nilimwambia, na imekaa humu ndani inatuandalia chai. Akainuka akaenda kutazama sufuria isiyokuwa na kitu. Basi nimeyaandika haya kwa Kiswahili, lugha ambayo Idrisa hawezi kuisema, wala hawezi kuisoma, lakini aliisikia kabla ya kila kitu na anaielewa yote. Jumapili nitakwenda Temple Hills, nitakaa mbele yake, na nitamsomea.